Kifumbu, Kawa na Jamvi

Jikoni kwetu Wete, Pemba, karibu kila chombo kilikuwa kimesukwa, kimechongwa au kimefinyangwa na mtu tunayemfahamu. Nazi ilikunwa kwenye mbuzi iliyochongwa na fundi wa mtaani, chicha ikakamuliwa kwa kifumbu alichokisuka bibi, mchuzi ukachotwa kwa upawa wa kifuu, sinia likafunikwa kawa, na sisi tukakaa kitako mkekani tukala. Ndiyo maana msichana aliyerudi likizo hakuulizwa kama anataka kujifunza kupika au kusuka. Asiyejua kusuka angekamulia nini tui lake? Kazi ilikuwa moja, na mimi nimeishi nikaiona ikiachana kidogo kidogo, kila sehemu kwa sababu yake.

Nilikuwa nakaa dahalia Unguja. Skuli zikifungwa tulipanda meli bandarini Malindi, tukashuka Mkoani, na gari ya mbao ikatupeleka kaskazini mpaka nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, kwa hiyo likizo ya katikati ya mwaka na mwezi wa funga vilikutana. Ilikuwa pia miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sukari na unga wa ngano vilipatikana kwa foleni, na siku nyingine foleni iliisha na mtu akarudi na kikapu kitupu. Futari yetu basi ilitoka shambani: muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, shelisheli. Vyote viliungwa kwa nazi. Kama kuna kitu kilichotutoa katika miaka ile tukiwa na heshima yetu mezani, ni mnazi.

Kukuna nazi kulikuwa somo la kwanza, na bibi alilisimamia kwa macho makali. Unakaa juu ya mbuzi, sinia chini ya ulimi wa chuma, nusu ya nazi mikononi, unaizungusha kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ukikuna kwa pupa chicha inatoka mapande. Ukilifikia ganda, tui linaingia weusi na wali unaonekana mchafu. Kisha chicha inatiwa maji ya vuguvugu, inafikichwa kwa vidole, inajazwa kwenye kifumbu, mfuko ule wa miyaa, na hapo ndipo mikono yote miwili inafanya kazi: unausokota mfuko mpaka tui zito linachuruzika. Hilo linawekwa kando, lije litiwe mwisho. Chicha inarudiwa maji mara ya pili na ya tatu, na tui jepesi ndilo linalopikia muhogo mpaka ulainike. Bibi alikuwa akiichukua chicha baada yangu, akaibonyeza kwenye kiganja, na ikitoka hata tone jeupe alinirudishia bila kusema neno.

Mkate wa kumimina ulikuwa wa siku za wageni na wa kumi la mwisho. Mchele ulirowekwa usiku, asubuhi ukatolewa maji, ukatwangwa kinuni, ukachungwa, ukatwangwa tena zile chenga. Unga ule ukachanganywa na tui zito, hamira, iliki na sukari iliyokuwepo, ukaachwa uumuke. Kazi yenyewe ilikuwa moto. Sufuria ilipakwa samli, chini makaa machache, juu ya kifuniko makaa mengi ya vifuu, kwa sababu mkate wa kumimina hauivi kwa moto wa chini peke yake. Mama alipima joto kwa kupitisha kiganja juu ya kifuniko. Hakuwa na kipimo kingine, na sikumbuki mkate wake kuungua.

Baada ya tarawehe wanawake walikusanyika barazani kwetu kwa taa ya chemli, kila mmoja na kitita chake. Hapo ndipo nilipojifunza kusuka ukili. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla majani hayajafunuka, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, ukachanwa nyuzi nyembamba, na zile za rangi zikachemshwa kwenye sufuria kuukuu na rangi ya unga ya dukani. Kabla ya kusuka unarowanishwa, kwani ukiwa mkavu unakatika. Unasuka ukili mwembamba mrefu, unaukunja kama mkanda, na unapimwa kwa pima, mikono yote miwili imenyooshwa. Ukitosha, unashonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, na mkeka ndio unaanza kuonekana. Ufundi mkubwa uko hapo, kwa sababu mapambo yaliyosukwa katika kila ukili lazima yakutane na ya jirani yake. Mwanamke aliyehesabu vibaya mwanzo wa mwezi aliligundua kosa siku ya kushona.

Mazungumzo ya barazani nayo yalikuwa masomo. Nani anaposwa, samaki gani hapatani na tui, mtoto mwenye homa apewe nini, mashairi gani yaliimbwa harusini kwa fulani. Mikono ilipokuwa kazini, watu wazima walisema mbele yetu mambo ambayo wasingeyasema wakiwa wamekaa bure. Nimepata elimu nyingi darasani na ninaishukuru, lakini namna ya kuishi na watu niliipata pale, nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye ukili.

Julai karafuu zilianza kuiva, na mikono yetu ikahamia huko. Wanaume na vijana walipanda mikarafuu, sisi usiku tulichambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, na asubuhi zikaanikwa juani. Zilianikwa juu ya majamvi, mikeka mikubwa ya miyaa, ya kazi, isiyo na pambo. Kila nyumba yenye mikarafuu ilihitaji majamvi, na kila jamvi lilitoka kwenye mikono ya mwanamke. Nataka msomaji alikumbuke jamvi, nitalirudia.

Lililoondoka kwanza ni kawa. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar, biashara ikalegezwa, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Madukani vikaanza kuonekana vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu wenye jamaa Arabuni. Hotpoti ilipoingia nyumbani, wali ulikaa na moto mpaka usiku. Kawa lilizuia nzi na likaupa mlo haiba, lakini kuhifadhi moto haliwezi. Mama alilitundika ukutani, na tangu siku ile likawa pambo. Mkeka wa plastiki ukafuata. Unaoshwa kwa sabuni na adhuhuri umeshakauka. Mkeka wa ukindu ukilowa unaota ukungu. Bei ya ule wa plastiki ilikuwa ndogo kuliko ya kazi ya mwezi mzima ya bibi. Sijawahi kumlaumu mama kwa kuununua. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kutwanga, kuchota maji na kukuna nazi, alipopata kitu cha kumpunguzia, alikuwa na haki yake.

Kifumbu kilidumu zaidi, kwa sababu umeme wa Pemba haukuwa wa kutegemea. Ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, na mtu hakununua chombo cha umeme cha jikoni akiwa na uhakika wa kukitumia. Mwaka 2010 kebo ya chini ya bahari ilifika kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, na blenda zikaingia majumbani. Sasa nazi inavunjwa, inakatwa vipande, inasagwa na maji ya moto, na tui linachujwa kwa chujio la plastiki. Kazi ya nusu saa imekuwa ya dakika chache. Mbuzi ya nyumbani kwetu imo stoo. Kifumbu cha mwisho alichokisuka bibi kilioza, na hapakuwa na sababu ya kusuka kingine, na yeye mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo nilipoona hasara ambayo sikuiona wakati wa kawa na mkeka. Msichana anayerudi likizo sasa anaweza kupika wali wa nazi mzuri kabisa bila kugusa kitu kilichosukwa, na bila kukaa na mtu mzima. Blenda haihitaji kusimamiwa na bibi. Likizo ikawa ndefu na haina kazi ya mikono ndani yake, simu ikaijaza, na baraza la usiku likabaki na wazee peke yao.

Ukili haukufa, nisije nikasingizia. Unguja umepata mnunuzi mpya, mtalii. Mjini Zanzibar unashonwa mikoba yenye zipu, bitana ya kitambaa na mikono ya ngozi, na wako wanawake wa mashamba wanaosomesha watoto kwa fedha hiyo. Nimenunua mikoba hiyo, nimewapelekea marafiki Bara, na ninaifurahia. Lakini mnunuzi ndiye anayechagua rangi na upana, na ukili unaotakiwa ni wa aina chache. Mapambo aliyoyajua bibi, ambayo mengine yalikuwa ya mkeka wa biharusi tu, hayaagizwi na mtu. Fundi kijana anasuka haraka na safi kuliko nilivyosuka mimi umri wake, ila ukimpa kazi ya kushona mkeka wa kulalia hajui aanzie wapi, na hilo si la kumlaumu yeye: hakuna aliyemwomba.

Matumaini yangu mengine yalikuwa kwenye vikapu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Nilidhani kikapu cha miyaa kitarudi sokoni kwa kishindo. Iliyochukua nafasi ni mifuko mbadala ya kiwandani, myepesi na ya bei ndogo, na vikapu vikarudi kidogo tu, kwa wazee na kwa wenye kupenda.

Jikoni napo moto unabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mimi ni wa kwanza kuuunga mkono, kwa kuwa nimeyaona macho ya mama yangu baada ya miaka ya moshi wa makumbi. Kwa gesi mkate wa kumimina unaiva chini vizuri, juu unabaki mweupe, na wenye oveni wanaumalizia humo. Unakuwa mzuri. Ile ngozi ya juu, yenye harufu ya vifuu, haipatikani, na sitasema inapatikana ili kumfurahisha mtu.

Jamvi je? Jamvi lipo. Karafuu haijapata mahali bora pa kukaukia. Ikianikwa chini au kwenye lami inaingia mchanga na uchafu, daraja linashuka, na mkulima anaumia kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kwa hiyo kila msimu ukikaribia, wanawake wa Pemba wanasuka majamvi na yanauzika. Kitu kisicho na pambo lolote, ambacho hakuna mtalii anayekipiga picha, ndicho kilichobeba ufundi wote mpaka leo, kwa kuwa kazi yake bado ipo. Nimelifikiria sana jambo hili, na limebadilisha namna ninavyowafundisha watoto wa nyumbani. Zamani niliwaambia wasuke kwa sababu ni mila yetu. Walinisikiliza kwa adabu, wakaondoka. Sasa natafuta kwanza kitu wanachokihitaji.

Likizo ndefu iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, alikuwa anapika kwangu pweza wa nazi. Alisaga nazi kwa blenda, akachuja, akataka kuimwaga chicha. Nikaishika, nikaibonyeza kiganjani kama nilivyofanyiwa, na tui likatoka jingi.

"Chujio halikamui, mwanangu, linachuja tu," nikamwambia. "Nazi moja hapa unamwaga karibu robo."

Nazi siku hizi ni ghali, na yeye ndiye aliyekuwa ametumwa kuzinunua. Akauliza kilichokuwa kikikamua zamani ni nini. Nikamweleza, akacheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza, "Shangazi, miyaa inapatikana wapi?"

Tuliipata kwa mwanamke anayesuka majamvi, nyumba chache kutoka kwetu. Kifumbu cha kwanza kilivuja chicha, nyuzi zilikuwa zimelegea mno. Cha pili kilikaa. Anasaga kwa blenda, anakamua kwa kifumbu, na tui lake ni zito kuliko nililolipata mimi kwa kukuna. Kabla mtoto wa kaka yangu hajarudi chuoni, jirani alimtuma binti yake aje kuuliza kifumbu kama kile kinauzwa shilingi ngapi.

"Mwambie mama hakiuzwi," akamjibu. "Wewe njoo alasiri, uje na miyaa yako."