Nani Anawapikia?

Siku ya pili ya fungate yetu mama alipiga simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akaniuliza: "Nani anawapikia, mwanangu?" Mume wangu alikuwa anamenya viazi katika jiko la nyumba ndogo tuliyokodi pwani ya Wales. Nikamwambia tunapika wenyewe. Akanyamaza kidogo. "Basi fungate gani hiyo?"

Swali lile sijaliacha mpaka leo.

Kwetu Tanga, kama Unguja na Mombasa, fungate ni siku saba. Neno lenyewe limebeba hiyo saba. Bwana harusi huingia kwa kina bibi harusi, chumba kimeshafukizwa udi, na wawili hao hawana safari wala shughuli. Dada yangu alipoolewa nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikapewa kazi ya kupeleka sinia. Asubuhi supu ya kuku na mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni maziwa ya iliki na tende. Nabisha hodi, naweka sinia chini, naondoka bila kugeuka nyuma. Aliyeruhusiwa kuingia ni somo wake tu, yaani kungwi wake, chetezo mkono huu, bakuli la liwa mkono ule. Wiki nzima dada hakuosha hata kijiko. Kina shangazi walikuwa wamekwishagawana kila kitu, tangu nani aende sokoni mpaka nani anyamazishe watoto uani.

Huku Uingereza mzigo huo hubebwa na maharusi wenyewe. Mwenzangu kazini alilipia safari ya Maldives miezi kumi na mmoja kabla ya harusi. Sheria haitoi likizo ya ndoa, kwa hiyo siku alizikata kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo kwa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki haipungui siku 28. Wageni wake hawakuleta vyombo, walichangia safari: huyu kalipia chakula cha usiku mmoja, yule mashua. Hilo nililipenda sana, maana fedha ya watu ilikwenda kuwapumzisha wawili.

Sisi tulitaka Lisbon. Kwa paspoti ya Tanzania, hata ukiwa mkazi wa Uingereza, unahitaji viza ya Schengen: yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, karatasi za benki, uthibitisho wa kazi na wa malazi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Sisi tulianza zikiwa zimebaki wiki tano, na miadi ya karibu tuliyoipata ilikuwa baada ya siku ya ndege. Nililia usiku ule, nakiri. Mwenye paspoti kama yangu atafute miadi kwanza, ndipo aguse tiketi. Na tiketi iandikwe jina lililo kwenye paspoti, hata kama ndoa imeshakupa jingine. Ndivyo tulivyofika Wales, ambako hatukuhitaji viza mpya.

Ila kinachoniuma zaidi kiko nyumbani. Siku hizi kamati ya harusi inakaa miezi, michango inakusanywa, na yote inaishia kwenye ukumbi, mapambo, MC na keki. Fungate inaandikwa mstari wa mwisho wa bajeti, na fedha ikipungua ndiyo ya kwanza kufutwa. Nawajua maharusi waliotoka ukumbini Jumapili alfajiri, Jumatatu wakawa kazini. Wengine wanazawadiwa siku mbili za hoteli Nungwi, na Nungwi ni pazuri, lakini siku mbili hazitoshi hata kuondoa uchovu wa ngoma.

Mdogo wangu anaoa baada ya Idi, na Idi hiyo inaangukia masika. Tumemwambia pwani asiikimbilie wakati wa mvua; Pangani itamsubiri mpaka Juni. Mchango wetu wa huku tumeiomba kamati iuandike peke yake: siku saba za ndani, mpishi, mkaa, udi, na nauli ya somo kutoka Pemba. Wakweni wamekubali. Jana walinitumia picha ya chumba: pazia jipya, kitanda cha besera kimepakwa vanishi, na nje ya mlango kuna kistuli cha kuwekea sinia.