Mdundiko Pembeni mwa Picha

Kanda ile ilikaa kabatini zaidi ya miaka 30, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kanga za harusi. Bibi mwenyewe, mzaliwa wa Kariakoo, hakuwa tena na deki ya kuichezea. Mjukuu wake alipomfikisha kwa fundi, ukungu mweupe ulikuwa umetambaa juu ya utepe, kama chumvi juu ya mwamba maji yakupwapo. Fundi aliupangusa taratibu, akawaonya: saa tatu za kanda zahitaji saa tatu za kuihamisha, na huenda utepe usistahimili kuchezwa mara ya pili.

Ilikuwa harusi ya mwaka 1988. Unguja ilikwisha kuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, ilhali bara waliingojea mpaka 1994. Hivyo wapo watu wa Dar es Salaam waliojiona wenyewe kwenye kioo, wakicheza harusini, kabla kioo hicho hakijawasomea habari za nchi yao.

Mwanzo wa kanda hauna bibi harusi. Kuna Mtaa wa Sikukuu, baraza zilizojaa watu, na mdundiko unaokuja kutoka mbali.

"Bibi, hapa tukate," mjukuu alisema. "Tuanzie anapotoka mama."

"Usikate, mume wangu. Ngoja."

Pembeni mwa picha likatokea bega la mpiga ngoma, kisha uso wake, kisha akapita. Alikuwa kaka yake bibi, marehemu, ambaye hakuacha hata picha moja. Bibi hakuomba arudishwe nyuma. Alikwisha kusikia kuwa utepe hauwezi.

Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo isiyokaa uwanjani. Huenda, na watu huifuata. Watoto wangapi wa mji ule wameufuata hata wakapotea njia ya kwao! Nao haukuwa wa kwanza kupita mitaa hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vita iliyoipa Kariakoo jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, beni ilistawi Dar es Salaam. Marini na Arinoti walishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa gwaride, mtaa mzima ukiwa shahidi.

Leo harusi hutanguliwa na matarumbeta yaliyopakiwa nyuma ya gari. Sauti ya shaba ingalipo, na pengine ni kali kuliko ile ya zamani. Lakini nani atalifuata gari kwa miguu? Nyumba za vyumba sita zimepisha maghorofa, na baraza zikaondoka nazo. Waama msafara wahitaji watu wa namna mbili: wanaokwenda na waliokaa kuwatazama. Kamera nayo imehamia ukumbini, kwa wenye kadi. Mdundiko haukuwa na kadi. Mwenye miguu alikuwa mwalikwa.

Si kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mema. Mzazi aliyemtafuta mwanawe hadi usiku hakuisifu ngoma ile. Hata hivyo, mpiga picha wa 1988, aliyelipwa amfuate bibi harusi, aliunasa mtaa kwa sababu mtaa haukuwa na namna ya kutengwa na harusi. Angetaka kuukwepa, asingaliweza.

Saa tatu zilikwisha. Mama yake kijana alikuwa ametoka mlangoni, amezungukwa na watu ambao nusu yao hakuna aliyewaalika, akicheka. Fundi akaitia flashi katika bahasha. Juu yake mjukuu akaandika: Harusi ya Mama.

Bibi akaisoma kwa utulivu, akamrudishia.

"Ongeza hapo," alisema. "Na ngoma ya mjomba wake."