Bonasi ya Mama Iliishia kwa RAM ya Taa

Wasee, leo nakiri. Oktoba 2024 bonasi ya chai ilipoingia, Mama alinikatia kipande chake nirekebishe kompyuta ya kazi. Kama hujalelewa Kapkatet huenda usielewe. Bonasi ni mwaka mzima wa kuamka na kikapu mgongoni. Hiyo ndiyo inalipa fees, hiyo ndiyo inalipa deni la dukani. Mimi nikaenda nayo Nairobi, nikarudi na RAM inayowaka rangi zote.

Ilikuwa kipande kimoja cha 16GB, DDR4, spidi 3600, CL18. Muuzaji aliniambia magwiji wa gemu wanatumia hiyo. Sidhani alidanganya, ila hakuniuliza naenda kuiweka wapi, na mimi sikujiuliza. Mashine yangu ni ex-UK, desktop ya ofisi yenye i5-8500. Sanduku lake ni bati tupu, halina kioo. Taa zikawa zinawaka ndani gizani, kama msee amevaa suti kwenda kuchuna chai.

Taa ningezisamehe. Shida nilipofungua Task Manager: RAM ya 3600 ilikuwa inakimbia 2666. Nikafikiri nimeuziwa feki. Kumbe i5-8500 yenyewe imeandikiwa mwisho wa 2666, na kuvuka hapo lazima bodi ikuruhusu uwashe XMP kwa BIOS. Mabodi mengi ya ofisi hayana hiyo XMP. Nililipia spidi ambayo mashine yangu haiwezi kuitumia hata siku moja.

Usiku huo nilikaa na kalamu. Chaneli moja ya DDR4 inabeba baiti 8 kila mara, kwa hivyo 2666 mara 8 ni kama gigabaiti 21.3 kwa sekunde. Hata kama yangu ingefika 3600 kamili, ni 28.8. Lakini ukiweka vipande viwili vya kawaida vya 2666, kila kimoja kwa chaneli yake, unapata 42.6. Yaani vipande viwili vya mitumba vingeipiga ile yangu ya taa ikiwa kwa ubora wake wote! Na kwa sisi hatuna graphics card hiyo ni kubwa sana, maana grafiksi za ndani ya i5 zinakopa RAM hiyo hiyo.

Halafu hii CL ambayo watu hubishania. Zidisha CL mara 2000, gawanya kwa spidi, unapata nanosekunde. 3600 ya CL18 ni 10. 3200 ya CL16 ni 10. Hata DDR5 ya 6000 yenye CL30 ni 10. Fanya hiyo hesabu kwanza kabla mtu akuambie CL30 ni mbaya kwa sababu namba ni kubwa.

Ile ya taa nilimuuzia rafiki wa Litein, kwa hasara. Yeye ana bodi yenye XMP, sanduku la kioo, na nyingine kama hiyo. Kwake inapendeza kusema kweli. Mimi nikachukua vipande viwili vya 8GB, 2666, mitumba. Gemu zilizokuwa zinakwama zikaanza kuchezeka. Nikajiona nimefika.

Wiki ya pili nikaediti koito ya binti wa jirani. Nilihamisha video kutoka kwa kamera, nikafuta kadi kwa sababu kesho yake nilikuwa na kazi nyingine. Kompyuta ikaanza kujizima ovyo. Nilipofika pale kogo anawabariki, picha ilikuwa miraba ya kijani na sauti imekatika. Kadi tayari nimeandika juu yake. Pesa nilirudisha, lakini kogo siwezi kumwambia arudie baraka kwa sababu ya RAM yangu. Bado nikipita kwao natembea haraka.

Nikaweka MemTest86 kwa flashi nikaiacha usiku. Stima ikapotea katikati, nikaanza upya. Nikapima kipande kimoja kimoja: cha kwanza safi, cha pili mistari myekundu kutoka juu mpaka chini. Sijaona review nyingi zikikwambia hivi. Zinaonyesha grafu ya nani amemshinda nani kwa fremu nne, hakuna anayesema RAM mbovu inaweza kukaa wiki mbili inakuharibia faili huku Windows inakutabasamia. Toleo la bure linapita mara 4, na mimi silipi tena kabla halijamaliza. Muuzaji akikataa naondoka. Yule wa mitumba alinibadilishia, shingo upande.

Sasa bei ndiyo imeharibika kabisa. Mwisho wa 2025 RAM zilipanda kwa sababu viwanda vinazipeleka kwa vituo vya data vya AI, na Desemba hiyo Micron ikatangaza inaacha kuuzia watu wa kawaida chini ya jina la Crucial. Nilimweleza Mama jikoni. Akanyamaza kidogo, akageuza ugali, akaniuliza, "Na ile yako ya taa, si ungeiweka tu tuuze sasa?"

Nilikosa jibu. Nikaenda kuchota maji.