Sosi ya saladi iliyovuka mto kutoka Lubunga

Mgeni akifika Kisangani, wote humpeleka kwa Wagenia kuona maporomoko na mitego mikubwa ya samaki iliyofungwa kwenye miti. Ni vizuri, aende. Lakini mimi nikitaka mgeni ajue tunakula nini, humpeleka kwenye kivuko cha mitumbwi upande wa Makiso, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji.

Kati ya Makiso na Lubunga mto Kongo hauna daraja. Mananasi ya vijiji vya barabara ya Opala na ile ya Ubundu hufika Lubunga kwa baiskeli, yamefungwa pande zote mpaka mwenye baiskeli haonekani, kisha yanapakiwa mtumbwini. Jumamosi iliyopita nilivuka na mama wawili wa kikundi chetu. Tulikuwa tunatafuta nanasi, marakuja ya manjano, avoka na ndimu. Tulikuwa tunatafuta sosi ya saladi.

Wanaotujua wanakumbuka sababu. Sikukuu ya 8 Machi ya mwaka juzi tulipiga mayonezi wenyewe, kwa mayai mabichi, alfajiri. Umeme haukuwepo, friji ya jirani ilikuwa kabati tu. Bakuli lilingoja hotuba, na hotuba za 8 Machi mnazijua. Tulipofunua ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Usiku ule watoto sita wa kartie yetu walitapika na kuhara, mmoja akatundikiwa maji mpaka asubuhi. Mama yake ni mwenzetu. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Muuguzi alitueleza kwamba yai bichi linaweza kuwa na vijidudu, na joto la kwetu huvizidisha haraka. Tukaamua: kwenye chakula cha watu wengi, mayai mabichi basi. Lakini kabichi tupu nani atakula? Watoto wanataka kitu kinachoteleza.

Lubunga, muuzaji mmoja mwenye kitenge cha samaki alitucheka tulipochagua mananasi yanayong'aa. "Mama, beba lile linalonukia chini, kwenye kitako." Alikuwa na haki. Lile la kung'aa tulilolificha kapuni lilikuwa kali kama siki. Marakuja nayo ni hivyo hivyo: ile iliyokunjamana kidogo ndiyo yenye maji matamu.

Sosi yetu ya kila siku ni ya marakuja. Marakuja nne, kamua kwenye chujio ukisugua kwa kijiko ili mbegu zibaki. Ongeza maji ya ndimu moja, vijiko vitatu vya mafuta ya karanga, kitunguu kidogo kilichokatwa laini sana, tangawizi ya kuparuza, chumvi kwa ncha ya vidole. Tia kwenye chupa safi, funga, tikisa. (Maggi haihitajiki hapa. Najua mkono utaelekea huko.) Ikikaa kidogo mafuta yatapanda juu, kwa sababu hakuna yai la kuyashika na maji. Haijaharibika, tikisa tena. Mafuta hayo msiyaondoe kwa kubana matumizi: rangi ya karoti na ya majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo.

Kwa wanaolilia mayonezi, ipo avoka. Ponda avoka moja iliyoiva na ndimu moja na vijiko viwili vya maji ya nanasi. Inakuwa nzito, inashika kwenye kabichi, na mafuta hayanunuliwi kwa sababu avoka inayo yake. Ndimu huchelewesha kugeuka kahawia, lakini haizuii. Iponde watu wakiwa wamekaa.

Nanasi lilitupa somo jingine. Mwenzetu alichanganya nanasi bichi na maziwa ya unga yaliyokorogwa, akitaka sosi nyeupe. Baada ya muda ikawa chungu, akadhani maziwa ni mabovu. Kumbe nanasi bichi lina kitu kinachovunja protini za maziwa, kile kile kinacholainisha nyama ngumu. Ukilichemsha nanasi dakika chache kinakufa. Hivyo alichemsha na tangawizi mpaka likapungua, akapoza, na siku hiyo tulilamba sufuria.

Sasa jambo ambalo sitalipunguzia maneno. Ukali wa matunda hauoshi majani. Tunakaa kando ya mto, na mwaka 2011 kipindupindu kilichoanzia hapa kwetu kilishuka na mto mpaka Kinshasa. Nyanya, karoti na kabichi, na matunda kabla ya kukata, yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kisu na ubao pia. Mikono kwa sabuni. Na sosi ya asubuhi isiwe ya jioni: tunatengeneza ya kuliwa saa ile ile, ikibaki tunaimwaga, hata kama roho inauma.

Tuliporudi, mtumbwi ulikuwa umejaa mpaka tukakaa na mananasi mapajani. Yule mama wa mtoto aliyetundikiwa maji ndiye alitikisa chupa siku hiyo, na mwanawe akaomba kabichi mara ya pili.

Kwa 8 Machi ijayo tutavuka siku ile ile, si usiku wa kuamkia, mtumbwi wa kwanza. Matunda yatakatwa hotuba ya mwisho ikianza. Anayekuja alete chupa yenye kifuniko na ndimu zake mbili.