Gari la Zamani Katika Barabara ya Koboko

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko huelekea kaskazini, akapita katika vilima vya Maracha penye mashamba ya mihogo na tumbaku, na hapa na pale huona mabanda ya udongo ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto. Mwendo wenyewe si mrefu; hauzidi kilomita 60. Hata hivyo, wakazi wa West Nile waliokwisha kupita umri wa miaka arobaini huukumbuka kwa matope, kwa malori yaliyolala ubavu, na kwa abiria walioteremka kusukuma huku wamevishika viatu vyao mkononi.

Njia hii ni sehemu ya barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini. Ilikuwa ya changarawe mpaka miaka ya 2010, ilipotiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. Siku hizi mtu aweza kunywa chai Arua saa mbili za asubuhi, na saa tatu yumo sokoni Koboko akiulizia bei ya maharage. Ni faraja kubwa kwa wagonjwa, kwa wafanyabiashara na kwa askari waendao likizo. Lakini yako magari ambayo lami hiyo iliyakuta yamekwisha kuzeeka katika kazi nyingine, nayo yalipofika juu yake yakaanza kulia.

Koboko ni mji wa njia panda. Wilaya yake ilikatwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005, na mahali paitwapo Salia Musala ndipo nchi tatu zinapokutana: Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Wenyeji ni Wakakwa, ambao ndugu zao wako pande zote tatu za mpaka, na pamoja nao wapo Walugbara, Wanubi na wageni wengi waliofukuzwa na vita. Kambi ya Lobule ilipokea wakimbizi kutoka Kongo na baadaye kutoka Sudani Kusini. Wenyeji hawashangazwi na ukimbizi. Wao wenyewe, baada ya mwaka 1979, walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudani, wakaishi huko miaka kadhaa kabla ya kurejea.

Mji wa namna hiyo haukosi mafundi. Uganda magari hupita kushoto. Ukivuka Oraba au Vurra hupita kulia. Kwa sababu hiyo gereji za Koboko huona magari yenye usukani pande zote mbili, na chini ya mwembe mmoja waweza kusikia Kikakwa, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, ambacho ndicho kinachowapatanisha wote pindi spana inapopotea.

Chini ya mwembe kama huo liliwekwa juu ya magogo gari la askari polisi mstaafu. Lilikuwa Land Cruiser ya muundo wa 45, pikapu yenye mgongo mrefu, iliyotengenezwa mwaka 1978. Ukoo huo wa magari ulianza kuundwa Japani mwaka 1960 na kukoma mwaka 1984. Injini yake ni ya petroli, ya silinda sita, yenye ujazo wa lita 4.2. Huko ng'ambo magari ya misuli ni yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960, mafupi ya nyuma, marefu ya mbele, yenye injini ya silinda nane. Huku gari la misuli ni hili. Wala si majivuno matupu: mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Mercury Comet sita katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, na ni mbili tu zilizomaliza, moja ikiwa ya 18 na nyingine ya 21. Mshindi alikuwa Cortina mdogo. Nguvu nyingi hazikuwasaidia wageni wale mbele ya mashimo yetu.

Shida ya mzee huyo ilikuwa na pande mbili. Kwanza, goti lake la kushoto liliumia kazini zamani, na klachi ya gari lile ni nzito kama pampu ya kisima. Kila mwezi humpasa kwenda hospitali ya rufaa ya Arua, na kila alipofika alikuwa anachechemea zaidi kuliko alipoondoka nyumbani. Mkewe aliwahi kujifunza kuendesha, lakini klachi ileile ilimshinda. Pili, giaboksi ya gari ilikuwa na gia nne tu, na ile ya nne ni ya moja kwa moja: injini ikizunguka mara mia, na propela huzunguka mara mia. Katika enzi ya changarawe jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa gia ya nne yenyewe ilikuwa haitumiki ila siku za kiangazi. Kwenye lami, mwendo wa kilomita 90 kwa saa uliifanya injini izunguke mara 2,450 hivi kwa dakika, saa nzima, kwa kelele iliyowalazimu wasafiri kuzungumza kwa ishara. Petroli nayo ilikuwa ikiondoka kama maji ya chungu kilichopasuka.

Dawa aliyopendekeza fundi ni giaboksi ya otomatiki yenye ovadraivu. Gia hiyo ya juu kabisa huiachia propela izunguke mara mia wakati injini imezunguka mara 72 tu. Kwa mwendo uleule wa kilomita 90, injini hushuka hadi mizunguko kama 1,750. Na mahali pa klachi pana konveta, yaani bakuli la chuma lililojaa mafuta, ambamo pangaboi moja huyasukuma mafuta nayo mafuta huzungusha pangaboi la pili. Hakuna cha kukanyaga kwa mguu wa kushoto.

Kulitilia gari kongwe giaboksi ya namna hiyo si jambo lililobuniwa Koboko. Wamarekani walilianza kwa sababu zinazofanana na zetu. Magari yao ya misuli yalipotengenezwa, petroli ilikuwa rahisi, na otomatiki nyingi zilikuwa na gia tatu au mbili. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Mwaka 1974 sheria ikawafunga kwenye mwendo wa maili 55 kwa saa. Viwanda vikatafuta njia ya kuipumzisha injini: Ford walitoa otomatiki yao ya gia nne mwaka 1980, na General Motors wakatoa ile iitwayo 700R4 mwaka 1982. Haikuchukua muda wenye magari ya zamani wakaanza kuzing'oa giaboksi hizo kwenye magari mabovu na kuzitia katika ya kwao.

Giaboksi ya mzee ilitoka katika Land Cruiser ya muundo wa 60 ya miaka ya mwisho ya 1980, ambayo ilikuwa imefia ng'ambo ya mto Kaya. Vita vya kusini mwa Sudani, ambamo mji wa Kaya ulitwaliwa na SPLA mwezi Machi 1997, viliwaleta watu wa misaada na magari yao, na magari hayo yalipochoka yaligeuka kuwa stoo ya vipuri kwa eneo zima. Mzee, kwa mazoea ya kazi yake, alikataa kutoa hata senti kabla ya kuona karatasi ya mauziano yenye sahihi. Ziliuzwa ng'ombe mbili. Mkewe hakupinga, ila alisema jambo moja ambalo fundi alilisikia: "Baba, ng'ombe huzaa. Hicho chuma kikikataa, hakizai."

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, hivyo chuma cha kuishikilia kwenye chesisi kilisogezwa nyuma, propela ya nyuma ikapelekwa Arua kwa mkerezaji kukatwa na kusawazishwa, nayo ya mbele ikarefushwa. Mabomba mawili yalipitishwa hadi kwenye kipozeo kilichofungwa mbele ya rejeta, kwani otomatiki hufa kwa joto kuliko kwa jambo lingine lolote, na jua la Februari katika nchi ile si la kuchezewa. Tundu la pedali ya klachi likazibwa kwa kipande cha tairi.

Siku ya kumi injini iliwashwa. Gari liliondoka vizuri kwa gia ya kwanza, likaingia ya pili, na lilipotaka kuingia ya tatu injini ikapiga ukelele kabla gia haijashika. Vijana wa gereji walitaka kuongeza mafuta. Fundi mkuu alizima gari palepale barabarani, akakataza lisiwashwe tena, likavutwa kwa kamba.

Hapo ndipo ng'ombe wale wawili walipokuwa hatarini. Iko kebo nyembamba itokayo kwenye giaboksi hadi kwenye mkono wa kabureta. Wengi hudhani kazi yake ni kubadilisha gia tu. Kumbe ndiyo inayoijulisha giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, ili shinikizo la mafuta lipande kwa kadiri hiyo. Giaboksi ilizoea injini yake; mkono wa kabureta ya zamani ulikuwa mfupi, ukaivuta kebo nusu ya urefu uliotakiwa. Shinikizo likawa dogo, sahani za ndani zikateleza badala ya kushikana, na kilomita chache tu za kuteleza zingetosha kuziunguza. Fundi alikata kipande cha bati nene, akautengeneza mkono mrefu zaidi, akatoboa matundu matatu kwa kukisia, akalijaribu kila moja akiwa na geji ya shinikizo. Tundu la kati ndilo lililofaa. Mafuta yalipokaguliwa yalikuwa bado mekundu, hayanuki kuungua.

"Afande," akamwambia mwenye gari, "kebo hii usimruhusu mtu aiguse. Hata mimi, mpaka nikueleze kwa nini."

Yako mengine ambayo mzee alipaswa kujifunza, nayo yawafaa wote wenye otomatiki. Mafuta yake hupimwa injini ikiwa inawaka na ikiwa ya moto. Gari likiharibika njiani lisivutwe kabla giaboksi ndogo ya magurudumu manne haijawekwa huru, au propela hazijafunguliwa. Katika mteremko wa kwenda Oraba mkono hurudishwa kwenye gia ya chini, kwa sababu ovadraivu haizuii gari. Dereva atategemea breki peke yake mpaka zitoe moshi. Na wiki ya kwanza mguu wa kushoto huitafuta klachi isiyokuwapo, ukakuta breki. Mzee alifanya hivyo mara mbili karibu na soko la Koboko, na mara ya pili mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mkewe alimshauri aufiche mguu huo chini ya kiti.

Mkewe ndiye aliyeendesha safari ya kwanza ya kwenda hospitali. Walipita Maracha wakizungumza kwa sauti za kawaida, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya gari lile. Petroli iliyobaki walipofika Arua iliwafanya waipime tena kwa kijiti.

Waliporudi Koboko jioni walisimama kununua samaki, wakasahau taa zinawaka, na betri ikalala. Vijana wa sokoni, ambao wamelisukuma gari lile tangu wakiwa watoto, walikuja wenyewe bila kuitwa, wakaweka mikono nyuma, wakaanza kuhesabu.

"Acheni, wanangu," mzee akasema. "Hili siku hizi haliwaki kwa kusukumwa."

Hawakuamini. Walisukuma hadi mwisho wa maduka, injini isitikisike hata kidogo, wakarudi wakicheka na kutweta. Mama akainua kiti, akatoa waya mbili nene zilizofungwa kwa kitambaa, akaenda kumwomba dereva wa lori la Ingbokolo asogee karibu.