Kipimo cha Huruma

Utajiri wa mtu wa nchi kavu ni ngamia. Kule Marsabit, kaskazini ya Kenya, ngamia ni maziwa ya watoto, ni mchukuzi wa maji, ni mahari ya kijana. Jike huchukua mimba miezi 13. Kwa hiyo mmoja akifa, pengo lake halizibiki upesi.

Adui yake mkubwa haonekani kwa macho. Ni kijidudu cha damu kiitwacho tripanosoma, kiletacho maradhi ya surra. Griffith Evans, mganga wa wanyama, alikigundua Bara Hindi mwaka 1880 katika damu ya farasi na ngamia. Pange humnyonya mgonjwa, hufukuzwa kabla ya kushiba, akaenda kumalizia chakula chake kwa mzima. Ndivyo maradhi yahamavyo. Homa huja na kuondoka, nundu hunywea, mimba huharibika, na mwisho ni mauti.

Dawa zipo, lakini ni haba. Suramini ilianza kutumika katika miaka ya 1920, na nyingine chache zikafuata. Hata diminazini, itibuyo nagana ya ng'ombe, yaweza kumwua ngamia.

Basi mfugaji mwenye wagonjwa watatu na dawa ya mmoja hutiwa katika mtihani mzito. Nani aponywe, nani aachwe? Moyo wake hukataa kuchagua, naye huigawa. Siku chache wote watatu huinuka wakala majani, naye hushukuru. Kumbe waliokufa ni vijidudu dhaifu. Vilivyo imara vimesalia, vikazaa vilivyo mfano wao, na pange akavieneza. Nchini Sudan imethibitishwa kuwa viko vijidudu visivyoitii tena suramini.

Si haki kumlaumu mfugaji peke yake. Mganga yuko mbali, dawa ni ghali, na mizani ya kumpima ngamia haipatikani malishoni. Walakini kamba yapatikana: kimo cha bega, mzingo wa kifua, na mzingo wa tumbo kupitia juu ya nundu hutosha kukadiria uzito, na uzito ndio uamuao kipimo cha dawa.

Huruma ni tunu; lakini huruma iliyopungukiwa na kipimo huwaokoa watatu leo, ikaliangamiza kundi kesho. Kumtibu mmoja sawasawa, na kuwatafutia wawili dawa yao kamili, ni huruma ngumu zaidi, nayo ndiyo idumuyo.