Njia ya Mahindi: Kutoka Kitale Hadi Majikoni Mwetu

Mama anayesonga sima Likoni huenda hajafika Kitale umri wake wote, lakini jiko lake lina udugu wa siku nyingi na mji ule. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi yetu, na kilichoiunganisha zamani na bandari ni vyuma viwili vilivyolazwa sambamba, upana wa meta moja baina yao.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kitale ilisubiri. Mwaka 1924 njia iliyotoka Nakuru ikafika Eldoret, baada ya kupanda Timboroa, juu ya bahari kwa zaidi ya meta 2,700. Mbele ya Eldoret, pahali paitwapo Leseru, njia hugawanyika. Shina huelekea Turbo, Webuye na Bungoma hata Malaba, mpakani mwa Uganda. Tawi hushika kaskazini, hupita Soy na Moi's Bridge, na hukoma Kitale, ambako reli ilifika mwaka 1926.

Mwenye kutazama ramani atastaajabu. Kitale na Bungoma ni majirani; kwa barabara msafiri hupita Kiminini na Kamukuywa, akatokea Webuye, na Bungoma haiko mbali. Lakini kwa reli, gunia la Kitale liendalo Bungoma sharti kwanza lirudi mashariki hadi Leseru, ndipo ligeuke magharibi. Sababu ni kuwa reli ile haikujengwa ili majirani watembeleane. Ilijengwa kuelekea bahari, yaani kwetu.

Tawi fupi kama hilo, kilomita zipatazo 65, haliishi kwa nauli za abiria. Huishi kwa shehena: mahindi yashuke, mbolea ipande. Nayo kazi za Kitale zilikua: kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 mkulima akapata mbegu chotara iliyozalishwa kwa utafiti wa Kitale penyewe.

Hata hivyo ilikuja miaka mingi ya ukimya katika tawi lile, nyasi zikaota baina ya mataruma, na gunia likahamia kwenye lori. Webuye nako, kando ya shina, kiwanda kikubwa cha karatasi kilifungwa mwaka 2009, na nyumba nyingi zilizokula kwa mshahara wake zikabaki zikitazamana. Reli na kiwanda ni kama kinu na mchi: kimoja kikikosekana, cha pili hakina kazi.

Sisi wa Pwani tumeiona reli mpya ikifika Nairobi mwaka 2017, na upande wa Naivasha mwaka 2019. Ni neema. Lakini mahindi hayaoti stesheni. Huota kwa mkulima, na kila shilingi inayoongezeka njiani hulipwa na mama anaponunua pakiti ya unga. Basi tusikiapo viongozi wakizungumza habari za reli, tuwaulize pia habari za tawi la Leseru. Mali ya umma ni amana, na amana haipimwi kwa urefu wake.